Mvulana au msichana? Tumbo halisemi

Ukipanda kilima cha Nyanchwa, hapa juu ya mji wa Kisii, asubuhi wakati maziwa yanapopelekwa sokoni, hutakosa kusikia wafugaji wakibishana juu ya ng'ombe mwenye mimba. Je, atazaa mtamba au dume? Mzee mmoja alinieleza kwa uhakika kwamba fahali akishuka upande wa kulia baada ya kupanda, ndama atakuwa dume; akishuka kushoto, ni jike. Mwenzake alikataa katakata. Yeye hutazama ni upande upi wa kiwele unaotangulia kujaa.

Usidhani kwamba elimu hii ni ya vijiji vyetu peke yake. Columella, Mroma aliyeandika vitabu vya kilimo katika karne ya kwanza, aliliandika jambo hilo hilo la fahali na upande anaoshukia. Kuhusu farasi alisimulia agizo la kale zaidi: anayetaka mtoto dume amfunge farasi korodani ya kushoto kwa uzi kabla ya kupanda, na anayetaka jike amfunge ya kulia. Sijui ni nani aliyekuwa akimshika farasi huyo! Hata leo, huko Ulaya na Marekani, wapo wafugaji wanaoning'iniza pete au sindano kwa uzi juu ya tumbo la farasi mwenye mimba, wakitazama kama itazunguka au itakwenda huku na huku. Wanawake wajawazito nao hufanyiwa hivyo hivyo.

Kwa mfugaji, kosa la kubashiri hasara yake ni ndogo. Ndama dume atauzwa, na mambo yataendelea. Lakini bashiri hizo zikitoka zizini zikaingia chumbani mwa mama mja mzito, basi mimi daktari huacha kucheka.

Katika chumba changu cha matibabu nimesikia karibu zote. Tumbo likichongoka mbele ni mvulana. Likitanda ubavuni ni msichana. Mama akipendeza usoni ana mvulana, akichujuka ana msichana, kwa kuwa binti humnyang'anya mama uzuri wake. Mstari mweusi ukipita kitovu ni mvulana. Moyo wa mtoto ukidunda zaidi ya mara 140 kwa dakika ni msichana. Akitamani vitu vichachu ni hivi, vitamu ni vile.

Ukweli ni kwamba umbo la tumbo hutegemea urefu wa mama, uimara wa misuli ya tumbo, idadi ya mimba alizobeba na jinsi mtoto alivyolala. Mstari mweusi huletwa na homoni za mimba zinazoikoza rangi ya ngozi, awe mtoto ni wa kike au wa kiume. Moyo wa mtoto tumboni kwa kawaida hudunda kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, na hubadilika mtoto anapolala au kuchezacheza. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wajawazito 104. Umbo la tumbo na kichefuchefu havikubashiri lolote kuliko kurusha shilingi.

Nikiri kwamba kuna dalili moja ambayo ina chembe ya ukweli. Mwaka huo huo wa 1999, watafiti wa Sweden walionyesha kwamba miongoni mwa akina mama waliolazwa hospitalini kwa kutapika kupita kiasi katika mimba changa, watoto wa kike walikuwa takriban 56 katika kila 100. Ni tofauti ndogo. Ukimtazama mama mmoja tu kitandani, haikusaidii kitu. Mama anayetapika hata asibakishe maji tumboni anahitaji kutundikiwa dripu, hahitaji kuambiwa anunue nguo za rangi gani.

Na hapo ndipo ubaya wa bashiri hizi ulipo: huficha ugonjwa. Chukua mfano wa yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni, ambayo majirani zetu Waluo huyaita odowa. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mama anayeyatafuna sana "mtoto ndiye anayeyataka". La hasha. Hamu ya kula udongo aghalabu huandamana na upungufu wa damu, hasa ukosefu wa madini ya chuma. Nyumbani watu husherehekea hamu ile kama habari njema, kumbe mama anaishiwa damu mbele ya macho yao.

Utauliza, kama bashiri hizi ni uongo, mbona mkunga fulani hakosei? Jibu ni rahisi. Kuna majibu mawili tu, kwa hiyo hata anayebahatisha hupatia nusu ya mara zote. Aliyepatia husifiwa arusini na matangani. Aliyekosea husahauliwa, kwa maana mtoto amekwisha kuja na watu wana kazi ya kumlea. Tena ipo hila ya zamani: mtabiri humwambia mama "mvulana" na kuandika "msichana" daftarini. Mama akija kulalamika, daftari hufunguliwa na kuambiwa alisikia vibaya.

Wamisri wa kale walijaribu zaidi ya maneno. Mwanamke alimwagia mkojo wake mbegu za ngano na za shayiri. Shayiri ikitangulia kuota ni mvulana, ngano ni msichana, zisipoota hana mimba. Mwaka 1963 jaribio hilo lilirudiwa katika maabara. Mkojo wa wajawazito uliziotesha mbegu mara 70 hivi katika kila 100, jambo la kushangaza kwa kipimo cha mimba cha miaka elfu kadhaa. Kuhusu jinsia, halikufaa hata kidogo.

Sasa nikusimulie juu ya mfugaji mmoja wa huku Nyanchwa. Alikuja na mkewe, mimba ya saba, mabinti sita nyumbani. Mama alikuwa na weupe ndani ya kope na alihema kwa kupanda ngazi chache tu. Kabla sijamgusa, bwana alisema, "Daktari, huyu mama tumbo lake linashika wasichana tu. Hakuna dawa?"

Nilimuuliza habari za ng'ombe wake. Akachangamka. Alinieleza kwamba siku hizi hanunui mbegu ya kawaida. Hulipa zaidi apate ile iliyochaguliwa ya ndama majike, na kati ya ndama kumi, tisa huwa mitamba. Nikamuuliza, "Hiyo mbegu hutoka kwa ng'ombe au kwa fahali?" Akanitazama, akamtazama mkewe, akanyamaza.

Mwanamke, sawa na ng'ombe jike, hutoa yai lenye kromosomu ya aina moja tu, iitwayo X. Mbegu za baba ni za aina mbili: zenye X na zenye Y. X ya baba ikilifikia yai kwanza, mtoto ni msichana. Y ikifika, ni mvulana. Jambo hili lilibainishwa na mwanamke, Nettie Stevens wa Marekani, mwaka 1905, akichunguza wadudu wa unga. Mbegu za fahali huweza kutenganishwa kwa mashine kwa kuwa zile za X zimebeba vinasaba zaidi kidogo, karibu asilimia 4. Bwana yule alikuwa akiilipia elimu hii kila anapopandisha ng'ombe wake, na bado alimlaumu mkewe.

Wala halaumiki yeye, maana hakuna baba anayechagua mbegu itakayotangulia. Duniani huzaliwa wavulana 105 hivi kwa kila wasichana 100. Kwa hesabu hiyo, katika familia zenye watoto sita, moja kati ya 70 hivi itakuwa na mabinti watupu, bila kosa la mtu yeyote. Na mimba ya saba haikumbuki sita zilizotangulia. Nafasi ni ile ile, karibu nusu kwa nusu.

Mama yule nilimpima damu. Ilikuwa gramu 7.8 kwa desilita, ilhali mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Tulizungumza juu ya chuma, chakula na malaria, na kuhusu hospitali atakayojifungulia. Jinsia hatukuizungumzia tena siku hiyo.

Bila shaka utaniuliza juu ya picha ya tumbo. Mashine hii ilianza kuonyesha watoto tumboni baada ya kazi ya Profesa Ian Donald na wenzake huko Glasgow, iliyochapishwa mwaka 1958. Kuanzia wiki ya 18 hadi ya 22, mtaalamu mwenye mashine nzuri hukosea jinsia mara chache tu. Mapema mno ni hatari kusema, kwa sababu katika wiki za mwanzo kiungo cha uzazi cha wavulana na wasichana hufanana kabisa. Nilipokuwa daktari mchanga niliwahi kumwambia mama mmoja wa mimba ya wiki 13 kwamba ana mvulana. Jina la babu lilikuwa limekwisha kutolewa alipojifungua binti. Tangu hapo nimejifunza kusubiri.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe picha moja kabla ya wiki ya 24. Nia yake ni kujua umri wa mimba, kama ni mtoto mmoja au mapacha, na kama viungo vya mtoto viko sawa. Ukipigwa picha, uliza hayo kwanza. Uliza pia kondo la nyuma limekaa wapi, kwa kuwa likiziba mlango wa uzazi unaweza kuvuja damu hadi kufa.

Najua kinachosukuma wengi ni shamba. Mashamba yetu ya Kisii yamegawanywa hadi yamekuwa vipande, na mama asiye na mwana huogopa kuondolewa mume akifariki. Mimi si wakili, lakini Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haikutenga binti na mwana, na Katiba ya mwaka 2010 ilikataza ubaguzi wa kijinsia. Mabinti sita ni warithi sita.

Mama ambaye amezaa mara tano au zaidi, misuli ya mji wake wa mimba huweza kushindwa kujikaza baada ya kujifungua, naye akapoteza damu nyingi kwa dakika chache. Mwenye upungufu wa damu hana akiba ya kupoteza. Kwa hiyo asijifungulie nyumbani, hata kama sita za kwanza zilikwenda salama. Aende hospitali yenye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji, na nauli ya usiku iwekwe kando tangu mwezi wa nane. Baada ya hapo asubiri angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine, kama ataitaka. Njia za kupanga uzazi zipo katika vituo vya afya, na bwana anakaribishwa kuingia ndani pamoja na mkewe.