Kanda za VHS: kazi ipo, muda ni mchache

Nyumba nyingi mijini bado zina kanda za VHS za harusi, ubatizo na maulidi, lakini deki ya kuzichezea ilishakufa. Mfumo huo ulizinduliwa na JVC ya Japani mwaka 1976. Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki hizo, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2016.

Hapo ipo kazi kwa mwenye studio ya picha au stesheneri. Akipata deki nzima, kompyuta na kifaa cha kuziunganisha, anaweza kuhamishia picha kwenye flashi. Kinachomla ni muda: kanda ya saa tatu huchukua saa tatu zilezile. Basi atoze kwa saa, asitoze kwa kanda.

Kanda yenye ukungu (na unyevu wa pwani huuleta upesi) isiingizwe kwenye deki kabla ya kusafishwa. Itachafua vichwa vya kusomea na kuambukiza nyingine.

Mteja aombwe aje na mzee wa familia. Kanda ikizunguka, mzee ataje majina ya waliomo, mwenye studio aandike. Bila hivyo, watoto watarithi picha za wageni wakila pilau. Kazi hiyo ya majina itozwe pembeni.