Utunzaji wa Mabwawa ya Kuogelea Majumbani Katika Eneo la Buhare

Wakazi wa Buhare, katika Manispaa ya Musoma, walio na bwawa la kuogelea nyumbani au wanaokusudia kulijenga, wanakumbushwa kuwa jambo la kwanza la kuamuliwa ni mahali yatakapotoka maji ya kulijaza. Mambo ya vigae, ngazi na viti vya kupumzikia yanaweza kusubiri. Kwa kuwa Ziwa Victoria liko karibu, mwenye pampu na mpira mrefu huona hakuna sababu ya kulipia maji ya bomba. Kwa uamuzi huo huingiza ndani ya ua ugonjwa ule ule ambao wazazi wengi huwakatazia watoto wao kuoga ziwani kwa kuuogopa.

Ugonjwa huo ni kichocho, na katika ukanda wa ziwa kinachoenea zaidi ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo yake hutoka na kinyesi cha mgonjwa, huanguliwa yakifika majini, na vijidudu vinavyotoka humo huingia katika mwili wa konokono wadogo. Baada ya wiki kadhaa konokono hao huachia vijidudu vya umbo jingine, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache tu. Si lazima mtu anywe maji ili aambukizwe. Kutumbukiza miguu kunatosha. Aidha, vijidudu hivyo hutoka kwa wingi zaidi mchana wa jua, saa ambazo watoto hupenda kuoga.

Hata hivyo, kijidudu kilichokwisha kutoka kwa konokono hakina chakula cha kukiendeleza. Kisipompata mtu hufa katika muda wa siku mbili hivi. Kwa sababu hiyo, asiye na njia nyingine ila maji ya ziwa anapaswa kuyachuja kwa wavu mwembamba ili konokono wasipite, kisha kuyaweka katika tangi lililofunikwa kwa saa 48 kamili bila kuongeza maji mapya. Akiongeza hata ndoo moja, hesabu ya saa huanza upya. Maji hayo yatakuwa yameondokana na hatari ya kichocho, lakini vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo vitaweza kuwamo bado. Ni bora zaidi kutumia maji yaliyosafishwa ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Musoma, ikifahamika kuwa nayo yakishakaa wazi bwawani huhitaji dawa kama maji mengine yoyote.

Dawa inayotumika ni klorini, na wengi huikosea katika vipimo. Ipo desturi ya kumwaga "kopo moja" bila kujua bwawa linachukua maji kiasi gani. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Ili kila lita ya maji hayo iongezewe miligramu moja ya klorini, zinahitajika gramu 48 za klorini halisi. Klorini ya unga inayouzwa kwa nguvu ya asilimia 65 itabidi ipimwe gramu 74 hivi. Kiasi cha klorini kinachobaki majini wakati watu wanaoga kisipungue miligramu moja kwa lita. Kwa kuwa jua la Musoma huila klorini kwa saa chache tu, ni vyema dawa itiwe jioni, baada ya saa 12, na kipimo kichukuliwe tena asubuhi kabla mtu hajaingia majini.

Kipimo cha pili ni cha ukali wa maji, kiitwacho pH, nacho kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Wenye mabwawa wengi hukipuuza, wakati ndicho kinachoamua kama fedha ya klorini imetumika vizuri au imepotea. Maji yakiwa na pH 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iliyomo huwa katika hali ya kuua vijidudu kwa nguvu. Ikipanda hadi 8, hubaki robo tu, ijapokuwa mwenye bwawa ametia dawa ile ile. Inafaa pia kusahihisha dhana iliyozoeleka kwamba bwawa linalonuka sana dawa na kuwasha macho limetiwa klorini nyingi. Mara nyingi harufu hiyo hutokana na klorini iliyochanganyika na jasho na mkojo wa waogaji, na huwa ni dalili kwamba klorini iliyo huru imepungua. Kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia bwawani hupunguza gharama ya dawa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwenye kuhara asiingie kabisa, kwani vipo vijidudu vya kuhara vinavyoweza kuishi siku kadhaa ndani ya klorini ya kiwango cha kawaida.

Wakazi wa kandokando ya ziwa wanawafahamu wadudu wadogo wanaoinuka majini makundi kwa makundi kama moshi. Upepo ukiwaleta nchi kavu, huanguka bwawani kwa maelfu, wakaoza na kumaliza klorini yote kwa usiku mmoja. Hao waopolewe kwa wavu asubuhi ile ile. Kuta zisuguliwe kwa brashi kila wiki ili mwani usishike, na chujio la mchanga lisafishwe kwa kurudisha maji nyuma kila mshale wa shinikizo unapopanda kupita kiwango chake cha kawaida. Umeme ukikatika, maji yatakuwa hayachujwi. Klorini iyeyushwe katika ndoo ya maji, isambazwe bwawani na kukorogwa kwa mkono, na watu wasioge mpaka pampu ifanye kazi tena.

Bwawa linaloachwa bila kutunzwa, mwenyewe akiwa safarini au amehamishiwa kituo kingine, huwa si mali ya mtu mmoja tena. Mbu anaweza kukua kutoka yai hadi kuruka katika muda wa wiki moja hadi mbili, na majirani wote ndio wanaoumwa malaria. Anayeondoka amwachie mtu kazi ya kutia dawa.

Kuhusu kumwaga maji, bwawa lisikaushwe lote wakati wa mvua za masika au mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, kwa maana maji yaliyo chini yanaweza kulisukuma na kulipasua. Tahadhari hii ina uzito zaidi tangu mwaka 2020, wakati kina cha Ziwa Victoria kilipopanda na kuipita rekodi ya mwaka 1964. Maji yenye klorini yasielekezwe ziwani. Yaachwe juani bila dawa mpaka kipimo kionyeshe kuwa klorini imekwisha, ndipo yamwagwe bustanini. Wanaotaka kujenga wakumbuke pia kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Klorini ya unga ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na mafuta ya taa, na isichanganywe na asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Unga utiwe katika maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Bwawa lizungushiwe uzio pande zote nne, usiopungua urefu wa mita 1.2, wenye lango linalojifunga lenyewe. Ukuta wa nyumba wenye mlango usihesabiwe kuwa upande mmoja wa uzio huo, kwa kuwa mtoto mdogo hutokea mlangoni. Wenye mabwawa wanaohitaji maelekezo ya kupima maji wawaone maafisa afya wa kata zao.