Ndege Pana, Safari Fupi: Kutoka Mombasa hadi Unguja

Ndege pana ni ndege ya abiria ambayo ndani yake mna njia mbili za kupita kati ya viti, si moja. Boeing 747 ndiyo iliyotangulia kuingia kazini, mwaka 1970. DC-10 ikafuata mwaka 1971, na Boeing 767 mwaka 1982. Nyingi kati ya ndege za aina hii hutumika kuvuka mabara na bahari, abiria wakila mara mbili na kulala usingizi kabla ya kufika. Katika pwani ya Afrika Mashariki zimefanya pia kazi nyingine isiyozungumzwa sana, yaani kuruka kwa nusu saa hivi kati ya Mombasa na Unguja, au zaidi kidogo kati ya Mombasa na Kilimanjaro.

Kwa mstari ulionyooka, Mombasa na Unguja zimeachana kwa takriban kilomita 240. Umbali huo unakaribiana sana na ule wa kutoka Mombasa hadi Kotile, mji mdogo wa kaunti ya Garissa ulio karibu na Mto Tana. Anayetoka Kotile kwenda Mombasa kwa gari hupita Garsen na Malindi, na safari humlia sehemu kubwa ya siku. Ndege ya tani zaidi ya mia inaumaliza umbali kama huo kabla wahudumu hawajapata nafasi ya kugawa chai.

Chanzo cha safari hizi ni utalii wa likizo. Mashirika ya ndege za watalii hayafanyi kazi kama yale ya ratiba ya kila siku. Hufuata msimu, huuza viti kwa makampuni yanayopanga likizo nzima pamoja na hoteli, na huenda moja kwa moja mahali penye ufuo. Kenya iliujua mtindo huo mapema. African Safari Airways, iliyoanzishwa mwaka 1967 na kuwa na makao yake Mombasa, iliwaleta Wazungu kwenye hoteli za African Safari Club zilizokuwa kando ya bahari, na katika miaka yake ya baadaye ilitumia DC-10 na kisha Airbus A310. Shirika la Kijerumani la Condor, ambalo mwaka 1971 lilikuwa la kwanza la likizo duniani kuruka na Boeing 747, liliihudumia Mombasa kutoka Frankfurt kwa miaka mingi kwa Boeing 767-300ER, ndege yenye viti karibu 260.

Kutoka Frankfurt hadi Mombasa ni takriban kilomita 6,700, safari ya zaidi ya saa nane. Tatizo la mashirika haya ni kwamba abiria wa Mombasa peke yao hawaijazi ndege kila wiki, na wa Unguja peke yao vilevile. Suluhisho ni kuwapakia pamoja. Ndege hutua Mombasa, sehemu ya abiria hushuka, wa Unguja au Kilimanjaro hubaki vitini, kisha huendelea. Wakati wa kurudi, wanaomaliza likizo hukusanywa kutoka vituo vyote viwili. Kwa hiyo safari fupi kwa ndege pana si biashara inayojitegemea. Ni mkia wa safari ndefu, na gharama yake hulipwa na kiti cha Ulaya.

Abiria aliyebaki ndani huiona tofauti mara moja. Ndege kama Boeing 767-300ER, iliyoundwa kupaa ikiwa na karibu tani 187, sasa ni nyepesi mno, kwa sababu watu wamepungua na matangi yamechukua mafuta machache. Injini zake mbili hazijapungua nguvu, hivyo hupanda kwa kasi ambayo haikuonekana ilipoondoka Ulaya. Haifiki kimo cha kawaida cha safari ndefu, maana ingelazimika kuanza kushuka mara tu ikifika. Anayekaa dirishani huona pwani nzima ya kusini ya Kenya, kisha Pemba, kisha minazi ya Unguja. Ni mojawapo ya safari nzuri zaidi za angani katika ukanda huu, na wengi huikosa kwa kuwa wamelala.

Ndani, 767 ina safu za viti viwili, vitatu na viwili. Katika kila viti saba, kimoja tu ndicho kilichobanwa katikati. Ndiyo maana wasafiri wengi wameipenda ndege hii hata ilipozeeka, ingawa skrini zake zilikuwa ndogo na vyoo vyake vimechakaa. Hewa yake huwa nyepesi kidogo kuliko ya ndege mpya. Katika ndege nyingi za zamani mgandamizo wa ndani huweza kulingana na ule wa mlima wa futi 8,000, ilhali wa Boeing 787 hauzidi ule wa futi 6,000. Kwa safari ya nusu saa tofauti hiyo haina uzito. Kwa saa nane, mwili huijua.

Jambo linalohitaji hesabu kali zaidi ni mafuta. Mtu angedhani ni rahisi kujaza matangi Mombasa, kupitia Unguja, kisha kurudi Ulaya bila kununua tena. Haiwezekani. Ndege kubwa huruhusiwa kupaa ikiwa nzito kuliko inavyoruhusiwa kutua, kwa sababu inategemewa kuchoma mafuta njiani. Boeing 767-300ER haitakiwi kuzidi takriban tani 145 inapotua. Ndege tupu ni karibu tani 90, na ikibeba watu na mizigo tani 25, nafasi ya mafuta inayobaki wakati wa kutua ni tani 30 tu. Kwa matumizi ya takriban tani 5 kwa saa, Frankfurt inadai zaidi ya tani 40. Kwa hiyo mafuta ya safari ndefu lazima yachukuliwe kituo cha mwisho, na bei ya mafuta kwenye kituo hicho huweza kuamua ndege ipitie wapi kwanza.

Kwamba tangi kubwa si sawa na mafuta mengi ni jambo ambalo Afrika Mashariki ililijua kwa machungu. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na watu watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta yaliyomo hayafiki huko. Hawakumwamini, kwa kuwa walijua uwezo wa ndege ikiwa imejazwa. Injini zilizimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Rubani alinusurika.

Uchakavu nao una hesabu yake. Umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Huhesabiwa pia kwa saa za kuruka, na kwa idadi ya kupaa na kutua. Kila inapopaa, mwili wake hujazwa hewa na kutanuka kidogo, inaposhuka, husinyaa. Nusu saa ya Mombasa hadi Unguja huhesabiwa mruko mmoja kama ule wa Ulaya, ingawa saa zake ni chache mno. Breki pia huchemka katika kila kutua, na huhitaji muda wa kupoa kabla ya kupaa tena. Hatari ya mwili huo kuchoka ilionekana Hawaii tarehe 28 Aprili 1988, pale Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa imeruka zaidi ya mara 89,000 kati ya visiwa, ilipong'oka sehemu ya paa angani. Mhudumu mmoja alipoteza maisha. Tangu hapo ukaguzi wa ndege kuukuu umekazwa sana. Japani, ambayo ilitaka ndege pana kwa miji iliyo karibu, iliagiza Boeing 747SR, iliyoanza kazi mwaka 1973 ikiwa imeimarishwa ili istahimili miruko 52,000 kwa miaka 20, zaidi ya mara mbili ya 747 ya kawaida.

Ndege ya likizo iliyozeeka haijafikia idadi ya miruko kama ya ile ya Aloha. Imeishi kwa safari ndefu, hivyo ina saa nyingi na miruko michache. Nusu saa moja mara mbili tatu kwa wiki haiibomoi. Kinachoamua usalama wake ni matengenezo, na hasa ukaguzi mkubwa wa kila miaka kadhaa ambapo ndege huvuliwa viti na kuta ili kila kiungo kionekane. Mashirika ya likizo yamependa ndege kuukuu kwa sababu bei yake imekwisha kulipwa. Ndege mpya ya mkopo lazima iruke kila siku. Iliyolipiwa inaweza kuegeshwa wakati wa masika, watalii wanapopungua, bila kuitia kampuni hasara kubwa.

Swali linaloumiza ni kuhusu viti vitupu. Ndege inapotoka Mombasa ikiwa nusu tupu, mwenyeji wa Mombasa kwa kawaida hawezi kununua tiketi ya Unguja. Haki ya shirika la kigeni kuchukua abiria katika nchi moja na kuwashusha katika nchi nyingine isiyo yake hutolewa na serikali kwa makubaliano, chini ya mfumo uliotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Sababu ipo: mashirika ya nyumbani yangeumizwa na viti vya bei ya kutupa. Hata hivyo, ndugu waliotenganishwa na mkondo wa bahari wanastahili mpango bora kuliko kutazama viti hivyo vikipita juu yao.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya, tofauti na pwani, hakujawa na soko la watalii wa ndege pana. Wajir ina njia ndefu ya kurukia iliyojengwa kwa matumizi ya kijeshi, na ndege za kutoka Mogadishu zimewahi kulazimika kutua hapo zikaguliwe. Lakini kazi ya kila siku ya Wajir na Mandera imebebwa na Fokker 50, ndege ya rafadha yenye viti karibu 50 ambayo haiundwi tena, kwani kiwanda chake kilifilisika mwaka 1996. Nayo ni kuukuu, ila ilibuniwa hasa kwa safari fupi. Upande wa Kotile, ambako hifadhi ya jamii ya Ishaqbini inamlinda swala aitwaye hirola tangu mwaka 2007, mgeni wa angani huhitaji ndege ndogo zaidi, inayoweza kutua kwenye udongo. Mkazi wa huko akipanda ndege pana, yumkini itakuwa Nairobi, akielekea Jeddah kwa Umra au Hija: takriban kilomita 2,600, chini ya saa nne.

Kwa Condor, enzi ya 767 imepita: ilianza kupokea Airbus A330neo mwishoni mwa mwaka 2022, na ikaistaafisha 767 yake ya mwisho mwaka 2024. Nyingi za aina hiyo duniani hukatwa mlango mkubwa ubavuni, huondolewa viti na madirisha, na kuendelea na kazi ya kubeba mizigo.