Ua la kivulini: likuze nyumbani bila kuling'oa mtoni

Karibu kila nyumba ina sehemu ambayo jua halifiki vizuri: chini ya mparachichi, au nyuma ya jiko. Mahindi hayastawi hapo, lakini lipo ua la asili la Afrika Mashariki linalopenda mahali kama hapo.

Ni ua gani?

Wataalamu huliita Impatiens walleriana. Shina lake ni laini na limejaa maji. Ua ni bapa, la waridi, jekundu au jeupe, lenye mkia mwembamba kwa nyuma. Porini humea kwenye misitu yenye unyevu na kando ya vijito. Impatiens ni Kilatini, maana yake "asiye na subira": tunda lililokomaa ukiligusa tu, linapasuka na kurusha mbegu.

Mwaka 1882, wataalamu wa Uingereza waliliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo miche yake inauzwa Ulaya na Marekani. Huko baridi kali huliua, hivyo hupandwa upya kila mwaka. Kwetu, likipata maji, huweza kuishi zaidi ya mwaka.

Jinsi ya kulipanda

1. Kata tawi lisilo na maua, urefu wa kidole. Ondoa majani ya chini.
2. Lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, kivulini. Huota mizizi kwa wiki mbili au tatu.
3. Hamishia kwenye udongo mwepesi wenye mboji, au kwenye dumu lililokatwa na kutobolewa chini. Samadi ikizidi, utapata majani mengi na maua machache.
4. Mwagilia asubuhi. Udongo usikauke, wala maji yasituame.
5. Ukiona ukungu mweupe chini ya majani, ng'oa mche huo uuchome.
6. Baridi ya Juni na Julai ikizidi, sogeza madumu upenuni.

Ukipanda mbegu, usizifukie; zinahitaji mwanga ili ziote.

Kwa nini usiling'oe mtoni?

Mimea ya kingo hushika udongo na kutunza unyevu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tawi moja kutoka kwa jirani linatosha kuanzia. Huko Mpui, kijito kikipoteza kivuli chake, si ua peke yake litakalokosa maji kiangazi.