KWA NINI SERIKALI ISIPIGE TU SIGARA MARUFUKU KESHO?

Siku moja nilikuwa kwenye klabu ya afya ya shule fulani ya sekondari. Tulikuwa tunaongea kuhusu nikotini, kitu kinachomfanya mvutaji ashindwe kuacha. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Dada, kama sigara inaua, si serikali itoe amri tu, kesho yaishe?"

Wenzake wakacheka. Lakini swali lake ni zuri sana jamani! Tulijibu kwa kuangalia Marekani, maana huko mvutano huo ulikuwa mkali na hatua zake zote zinajulikana.

Sheria na kanuni, je, ni kitu kimoja?

Hapana. Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni hutungwa na idara iliyopewa madaraka na sheria hiyo. Fikiria shuleni kwenu. Mkuu wa shule anampa kiranja wa bweni madaraka ya bweni. Kiranja akisema taa zizimwe saa nne, sawa. Lakini akienda jikoni kupanga nani apike nini, mpishi atamwuliza, "Nani kakutuma?"

Kanuni hutungwaje?

Serikali ya shirikisho ya Marekani inafuata sheria ya mwaka 1946. Kwa kawaida, idara hutangaza kwanza pendekezo lake katika gazeti la serikali. Halafu wananchi wanapewa muda wa kutoa maoni: daktari, mwenye kiwanda, mama wa nyumbani, hata mwanafunzi. Idara lazima iyapime maoni hayo na ieleze sababu za uamuzi wake. Ndipo kanuni inatoka. Asiyeridhika anaweza kwenda mahakamani.

Ilikuwaje kuhusu sigara?

Mwaka 1995 idara ya chakula na dawa, inayojulikana kama FDA, ilipendekeza kanuni za kuwalinda vijana. Barua zaidi ya 700,000 zilimiminika! Agosti 1996 kanuni zikatoka: asiyefikisha miaka 18 asiuziwe, muuzaji adai kitambulisho chenye picha kwa mteja anayeonekana kijana, na matangazo yapunguzwe.

Kampuni za sigara zikaenda mahakamani. Machi 2000, Mahakama ya Juu ilizifuta kanuni hizo kwa majaji 5 dhidi ya 4. Je, majaji walisema sigara haina madhara? Wala! Walikiri kwamba ni hatari kubwa kwa afya ya watu. Tatizo lilikuwa lile la kiranja na jikoni: Bunge halikuwa limeipa FDA madaraka juu ya tumbaku.

Basi kazi ikarudi Bungeni. Juni 2009 Rais Obama alitia saini sheria iliyoipa FDA madaraka hayo, na mwaka 2010 kanuni zikaanza kazi tena. Hebu piga hesabu: aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1996, sasa alikuwa na 28. Majimbo yalikuwa na sheria zao za umri, ni kweli, lakini kwa karibu miaka 10 mkono wa FDA haukuwepo madukani.

Je, yameisha?

Bado. Mwaka 2016 FDA iliziweka sigara za umeme chini ya usimamizi wake. Desemba 2019 Bunge lilipandisha umri wa kuuziwa hadi miaka 21. Mwaka 2022 FDA ilipendekeza kupiga marufuku sigara za mentoli, zenye ubaridi unaoficha ukali wa moshi. Pendekezo hilo liliondolewa Januari 2025 bila kuwa kanuni.

Na Juni 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba majaji hawalazimiki tena kufuata tafsiri ya idara pale sheria inapokuwa na utata. Kwa hiyo Bunge likiandika sheria kwa maneno ya kuyumbayumba, kanuni nayo huyumba.

Sisi inatuhusu nini?

Majirani zetu wa Kenya walipitia njia kama hiyo. Kanuni zao za tumbaku za mwaka 2014 zilipingwa mahakamani, na moja ya hoja ilikuwa kama wananchi walishirikishwa ipasavyo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 kanuni zikashinda. Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18.

Kwa hiyo, rafiki yangu wa kidato cha tatu, jibu ni hili: amri ya haraka isiyo na msingi huanguka haraka. Inayodumu hupita Bungeni, kwa wananchi, na mara nyingine mahakamani. Ni njia ndefu, na wakati watu wazima wanabishana, kuna kijana anawasha sigara yake ya kwanza. Wewe usingoje kanuni. Rafiki akikuletea sigara, sema "Sivuti", basi!

JADILIANENI KLABUNI
1. Je, duka la karibu na shule yenu linauza sigara kwa watoto? Nani anapaswa kuambiwa?
2. Kama serikali ingewaomba maoni kuhusu sigara za umeme, mngeandika nini? Andikeni barua hiyo leo.

Tukutane toleo lijalo!