"Kumbukumbu" au "Batli"? Istilahi na Utunzaji wa Mafaili ya Miamala katika Hifadhidata Yenye Nakala

1. Utangulizi

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza jinsi mafaili yanayoandika historia ya hifadhidata yanavyopasa kutunzwa na kufutwa. Pili, yataonyesha kwamba jina linaloyataja mafaili hayo laweza kuyaokoa au kuyaangamiza. Mfano wetu tumeutoa katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako yeyote aliyewahi kusimama foleni kituoni na kikapu cha majani ataitambua kazi hii, ijapokuwa hajapata kugusa kompyuta.

2. Madaftari mawili ya karani

Mkulima mdogo anayeuza majani mabichi kwa kiwanda kilicho chini ya KTDA, iliyoanzishwa mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa kampuni mwaka 2000, hupewa stakabadhi kila apimiwapo. Malipo yake ya mwezi, pamoja na bonasi inayofuata mwisho wa mwaka wa fedha, hutegemea kilo hizo.

Tuchukulie kwamba karani wa kituo ana madaftari mawili. Katika la kwanza huandika kila mzigo kwa zamu yake: huyu kilo 12, yule kilo 9. Katika la pili huweka jumla ya kila mkulima. La pili likilowa mvua, twaweza kulijenga upya kutokana na la kwanza, mstari kwa mstari, mradi tunayo jumla ya awali iliyohakikiwa. La kwanza likipotea pamoja na la pili, hubaki stakabadhi zilizotawanyika mifukoni mwa watu, na ugomvi.

3. Utaratibu wa seva

Hifadhidata hufanya vivyo hivyo. Katika programu ya PostgreSQL, kwa mfano, kila badiliko huandikwa kwanza katika mfululizo wa mafaili, ambayo kwa kawaida huwa na megabaiti 16 kila moja, kabla ya kuandikwa katika majedwali yenyewe. Umeme ukikatika, seva husoma mafaili hayo na kukamilisha yaliyokuwa yamekubaliwa.

Penye seva ya pili inayotunza nakala, seva hiyo hupokea mistari ile ile na kuirudia kwa mpango ule ule. Mawasiliano yakikatika, seva ya nakala hubaki nyuma. Yakirejea, huomba mistari iliyoikosa. Lakini seva kuu hufuta au hutumia upya mafaili yake ya zamani. Kwa hiyo lililojaa hunakiliwa kwanza katika ghala, mahali pengine, ili lisomwe likihitajiwa.

4. Faili lifutwe lini?

Ghala halina budi kupunguzwa, ama sivyo litajaa. Wengi huweka kanuni ya umri: faili la siku saba lifutwe. Kanuni hiyo haitoshi, kwa kuwa umri hausemi kama kazi ya faili imekwisha. Masharti ni matatu:

(a) seva ya nakala iwe imekwisha kulipokea faili na kulitekeleza;
(b) iwepo nakala kamili ya hifadhidata iliyochukuliwa baada ya faili hilo, nayo iwe imejaribiwa kurejeshwa;
(c) pasiwe na haja tena ya kuirudisha hifadhidata katika hali ya kabla ya nakala hiyo.

Sharti la kwanza likivunjwa, seva ya nakala haiwezi kuendelea: mstari mmoja ukikosekana, iliyobaki haina pa kushika, na hujengwa upya tangu mwanzo. La pili likivunjwa, hasara yaweza kuwa ya daima.

Kuna pia hatari ya kinyume. Tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, PostgreSQL yaweza kuagizwa isifute faili lolote ambalo seva ya nakala haijalipata. Tuseme seva kuu huzalisha mafaili 40 kwa saa, yaani megabaiti 640. Seva ya nakala ikizimika kwa siku mbili, mafaili yatakayolimbikizana yatakaribia gigabaiti 31. Diski ikijaa, seva kuu nayo husimama, na upimaji husimama pamoja nayo. Ndiyo maana toleo la 13, la mwaka 2020, liliongeza uwezo wa kuwekea limbikizo hilo kikomo.

5. Suala la jina

Hadi toleo la 9.6, saraka ya mafaili haya iliitwa pg_xlog. Neno la Kiingereza log hutaja pia taarifa za kawaida za mitambo, ambazo zikifutwa hakuna anayelia. Baadhi ya watumiaji waliona jina hilo, wakadhani ni takataka, wakafuta, na data zao hazikurejeshwa tena. Mwaka 2017, katika toleo la 10, saraka ikaitwa pg_wal ili kuzuia kosa hilo. Msimbo haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ya istilahi.

Sisi nasi tunalirudia kosa hilo tunaposema "kumbukumbu". Neno hili limebeba kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za moyoni na kumbukumbu za hitilafu. Tafsiri ya "gogo" haifai hata kujadiliwa, ingawa asili ya neno la Kiingereza ni kipande cha mti kilichotupwa baharini kupimia mwendo wa meli. Mabaharia wa pwani yetu wanalo neno batli, lihusulo upimaji huo huo na daftari la safari. Twapendekeza "batli ya miamala" kwa mafaili tuliyoyaeleza, na "taarifa za mtambo" kwa yale yanayofutika bila hasara.

6. Hitimisho

Istilahi nzuri humwambia mtumiaji kitu ni nini kabla hajakigusa. Karani wa Bomet hawezi kulichoma daftari la mizigo akidhani ni karatasi ya kufungia sukari, kwa sababu analijua kwa jina na kwa kazi. Mtunza hifadhidata anayesoma Kiswahili anastahili kinga hiyo hiyo, nasi walimu wa lugha ndio tunaodaiwa.