SHEFU MMOJA, WASAIDIZI WENGI: Intaneti nzuri nyumbani bila ajali



Ukurasa huu husema mara nyingi juu ya kofia ya kazi, viatu vya usalama na miwani. Leo tuingie nyumbani. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi intaneti imekwisha kuingia. Mtoto anasomea humo, mama anaongea na jamaa walio mbali, na baba aliye posti ya usiku anapata habari za kwake. Lakini mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, na simu ya mama haipati mtandao katika chumba cha nyuma, dakika zinapotea bure. Tena baba akitaka kutengeneza mambo hayo mbiombio, juu ya ngazi mbovu, kwa waya uliochubuka, ajali haiko mbali.

Kwa nini mawimbi hayafiki?

Ruta inatuma mawimbi kama taa inavyotuma mwanga. Ukuta mnene wa matofali au wa simenti unayapunguza nguvu. Bati, mlango wa chuma, friji na tangi la maji vinayazuia zaidi. Mawimbi ya 2.4 GHz yanakwenda mbali lakini ni ya polepole. Yale ya 5 GHz ni ya haraka lakini yanachoka upesi ukutani.

Watu wengi wakiona hivyo wanalaumu ruta, wanaitupa, wananunua nyingine ya bei kali yenye antena sita. Chumba cha nyuma kinabaki vilevile. Ndugu, kama ruta yako ni imara, haizimikizimiki, usiitupe. Inahitaji wasaidizi.

Kila mtu na kazi yake

Kazi ya ruta ni tatu: kuunganisha nyumba na intaneti ya nje, kugawa namba kwa kila simu na mashini, na kulinda mlango wageni wabaya wasiingie. Kueneza mawimbi vyumba vyote ni kazi nyingine. Kazi hiyo wape maboksi ya meshi. Haya ni maboksi madogo, mawili au matatu, yanayoshirikiana na kutumia jina moja na neno la siri moja. Ukitembea toka sebuleni hadi chumbani, simu inaacha boksi la kwanza na kushika la pili.

Faida ni hii: siku boksi moja likifa, unabadilisha hilo tu. Ukitaka meshi mpya, ruta yako inaendelea na kazi yake.

Lakini angalia sana. Maboksi mengi ya meshi, yakitoka dukani, yanataka nayo kuwa ruta. Hapo nyumba inakuwa na mashefu wawili. Fikiri juu ya jetoni za taa kwenye mlango wa mgodi. Kama makarani wawili wanagawa jetoni bila kusikilizana, watu wawili watashika namba moja, na jioni hakuna anayejua nani yuko bado chini. Nyumbani pia ni hivyo: namba zinagongana, au nyumba inagawanyika mitandao miwili, simu iliyo upande huu haioni mashini ya kuchapa iliyo upande ule, na simu za kuonana uso zinakatika.

Dawa yake ni kuweka meshi katika hali ya kutoa mawimbi tu. Katika maandishi ya Kifaransa hali hiyo huitwa « point d'accès » au « pont ». Boksi la kwanza liunganishwe na ruta kwa waya. Kisha zima mawimbi ya ruta yenyewe, yasisumbuane na ya meshi. Neno la siri la kiwandani libadilishe, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Mahali pa kuweka

Boksi la pili usiliweke ndani ya chumba kisichopata kitu. Likikaa pasipo na mawimbi, litagawa nini? Liweke katikati ya njia, juu ya meza au kabati, mahali wazi. Kama unaweza, liunganishe nalo kwa waya wa mtandao. Waya huo unaweza kufika mita 100. Bila waya, kila boksi linalopokezana na lingine linapunguza mwendo, mara nyingine hadi nusu.

Sheria saba za usalama

1. Waya wa mtandao usifungwe pamoja na waya wa umeme wa 220 V.
2. Usichomeke waya wa kurefusha umeme ndani ya mwingine. Unapata moto, na moto wa darini hauonekani mapema.
3. Kila boksi litumie kibadilisha umeme chake. Soma volti na ampea kabla ya kuchomeka.
4. Usipande ngazi peke yako, wala ukitoka posti ya usiku na usingizi machoni.
5. Wakati wa mvua, kabla radi haijakaribia, chomoa umeme na pia waya unaotoka kwenye antena ya nje. Usipitishe waya wa shaba juu ya uwanja toka nyumba hadi nyumba.
6. Usifunike ruta kwa kitambaa. Joto linaiua.
7. Kama unatumia batri ya gari umeme ukikatika, usiichaji chumbani mwa kulala. Hewa inayotoka humo inaweza kulipuka.

Na afya?

Wengine wanaogopa mawimbi. Mwaka 2011 idara ya kansa ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo labda vinaweza kuleta kansa, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mdogo. Lakini nguvu ya boksi la nyumbani ni ndogo: kwa 2.4 GHz, sheria ya Ulaya hairuhusu kupita wati 0.1, na ukisogea kidogo inapungua sana. Hatari iliyo karibu zaidi ni kukesha na simu mkononi. Asiyelala vizuri leo, kesho anashika mashini kwa mikono mizito.

Ndugu, nyumbani kama kazini: shefu awe mmoja, kila msaidizi akae mahali pake, na waya zote ziwe salama. Usalama hauishii kwenye mlango wa kiwanda!